Jigi zinakwama mwambani na chewa hawagusi: nichague zipi, nizichezeshe vipi?

Mshipi_Mnene aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Nimehama kutoka kwenye chambo kwenda kwenye jigi (samaki bandia wa chuma), na kwa samaki wa chini mwambani bado sijaona mwanga. Boti yetu haitii nanga, inachukuliwa na maji. Kina ni mita 45 hadi 60. Chini kuna mwamba wenye mapango, halafu ukingo unaoshuka hadi kwenye mchanga uliojaa vipande vya matumbawe. Skrini ya kutafutia samaki inaonyesha samaki wamelala chini kabisa, wazi. Lakini wanaodaka ni kolekole, tena jigi ikiwa njiani kupanda. Chewa, kungu na changu, ambao ndio ninaowatafuta, ama hawagusi ama wanagonga mara moja halafu kimya.

Shida ya pili ni kukwama. Nina jigi ndefu nyembamba za gramu 80 na moja fupi pana ya gramu 200, zote zina ndoana ya meno matatu mkiani. Mshipi ni wa kusuka, unene wa milimita 0.40. Fimbo yangu ni fupi na ngumu. Nikifika chini navuta kwa nguvu, nazungusha rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) haraka haraka, nashusha tena.

Naomba mnifundishe: uzito gani, umbo gani, rangi gani, na mkono uende vipi? Mwenzangu tunayekaa naye boti moja, kina kile kile, anapandisha chewa na hana haraka yoyote.

---

PimaThelathini alijibu:

Ndugu, nimefurahi umeuliza, maana hawa ndio samaki ninaowapenda kuliko wote walioko baharini. Nitaanza na samaki wenyewe, vyuma baadaye.

Chewa ni mviziaji. Anakaa mlangoni pa pango lake na hapendi kukimbiza kitu mbali. Akiamua kula hufungua kinywa kwa ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na chochote kilichomo. Kitu kinachopita mbio mita nne juu ya kichwa chake anakiacha kiende zake. Kinachoyumba taratibu mbele ya macho yake hawezi kukivumilia. Kungu yeye huelea kwa kundi juu ya mwamba, mita kadhaa kutoka chini, na jua linapoelekea kuzama hupanda zaidi. Changu utamkuta pembeni, kwenye mchanga na vifusi vya matumbawe, akitafuta kaa na konokono wa baharini. Wote watatu skrini inawaonyesha "chini", lakini kila mmoja ana mahali pake na mwendo anaoutaka. Mwendo unaoutumia wewe sasa ni wa kolekole. Jigi nyembamba, mvuto mkali, rili mbio: huo ni mwaliko wa kolekole, naye anaitikia vizuri kabisa.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote: samaki wa mwambani anaila jigi inaposhuka. Kupandisha ni kuitayarisha tu ili ishuke tena. Kwa hiyo jigi nachagua kwa jinsi inavyoshuka, na mkono wangu wote unafanya kazi ya kuipa nafasi ishuke vizuri.

Uzito kwanza, maana bila uzito sahihi mengine hayawezekani. Mimi naanza na gramu mara mbili ya mita. Mita 50, gramu 100. Mita 60, gramu 120. Hicho ni kianzio cha maji yaliyotulia. Mkondo ukiwa na nguvu napanda hadi 150, 180, hata 200. Lakini kinachoamua ni kidole changu. Shusha mpaka uhisi jigi imegonga chini. Inua, shusha tena, uhisi tena. Ukifika mara ya tatu na hujui tena kama imegonga au la, mshipi umeshalala na huna mawasiliano na jigi yako. Gramu 80 kwa mita 60, na mshipi wa milimita 0.40, nina hakika ndivyo inavyokutokea: mshipi unapinda katikati ya maji, unainua fimbo lakini jigi haijui, inaburuzwa chini kwenye matumbawe. Hapo ndipo unapokwama.

Kabla hujaongeza chuma, punguza mshipi. Mshipi wa kusuka wa milimita 0.26 hivi una nguvu ya kutosha kwa chewa wengi, na eneo lake linalosukumwa na maji ni pungufu kwa theluthi moja hivi kuliko huo wako. Utashangaa jigi ile ile ya gramu 120 inavyokuwa mpya mkononi.

Angalia pia boti inaelekea wapi. Ukishusha upande ambao boti inauendea, mshipi utaingia chini ya boti. Ukishusha upande wa pili, utaachwa nyuma na kila dakika unalala zaidi. Mimi nakaa upande inakoelekea boti wakati wa kurusha tu: natupa mbele kiasi, jigi inafika chini wakati boti inafika juu yake, navua dakika chache mshipi ukiwa wima, kisha ukianza kulala sana napandisha yote na kuanza upya. Usiendelee kuachia mshipi. Kila mita unayoachia inaongeza upinde, na jigi inazidi kutambaa. Kukiwa na upepo, nanga ya kitambaa majini inapunguza mwendo wa boti kuliko kitu kingine chochote.

Sasa umbo. Jigi ndefu nyembamba, hasa yenye uzito mwingi mkiani, inashuka kama kisu: haraka, wima, bila kuyumba. Ni nzuri pale mkondo una nguvu na unataka kufika chini kabla ya boti kupita. Jigi fupi pana, yenye uzito katikati, ukiiachia inalala ubavu na kupepea huku na huku ikishuka polepole. Hiyo ndiyo ya chewa. Kati ya hizo mbili zipo zisizolingana pande, upande mmoja bapa na mwingine una mgongo, ambazo zinashuka kwa kuzunguka na kukata pembeni. Hizi ndizo ninazozitumia zaidi, kwa sababu zinafika chini kwa wakati na bado zinapepea.

Usiamini picha wala maelezo ya mtengenezaji. Kabla ya kuanza, ining'inize jigi pembeni mwa boti pale unapoiona majini, iinue nusu mita, kisha ulegeze mshipi kabisa. Tazama inavyolala. Ijaribu tena mshipi ukiwa umekazwa wakati inashuka: itakwenda mkia mbele, imenyooka, haina uhai. Jigi ni ile ile, tofauti ni mshipi uliolegea. Ukiliona hilo kwa macho mara moja, mkono wako utajua cha kufanya mita 50 chini usikoona.

Mkono basi. Ncha ya fimbo iwe chini, karibu na maji. Zungusha mkono wa rili nusu mzunguko huku fimbo ikipinda, halafu acha fimbo yenyewe ijinyooshe. Ndiyo inayoinua jigi, wewe unaipa mzigo tu. Ikinyooka, mshipi unalegea, jigi inalala ubavu na kupepea. Subiri. Ukihisi uzito umerudi, nusu mzunguko mwingine. Huu ndio mtindo wa taratibu uliotoka Japani, na fimbo zake ni laini zinazojinyoosha vizuri. Fimbo yako fupi ngumu haitakufanyia kazi hiyo, lakini unaweza kuvua nayo: inua kwa mkono polepole, karibu mita moja, kisha ishushe ncha haraka kuliko jigi inavyoshuka, ili ule ulegevu upatikane.

Kwa chewa nafanya hivyo mara nne au tano tu, mita mbili hadi tatu kutoka chini, kisha naishusha tena. Inapogusa chini naiinua palepale. Jigi isilale chini hata sekunde moja. Ikilala, ndoana inalala nayo, na tumbawe halina haraka ya kukuachia. Kwa kungu naendelea kupanda hadi mita 10 au 15 kabla ya kushuka, mizunguko mirefu kidogo, mapumziko mafupi.

Na tazama mshipi wakati jigi inashuka. Mshipi ukisimama kabla ya wakati wake, au ukilegea pale usipotarajia, funga rili na ukaze hapo hapo. Hicho "kugonga mara moja halafu kimya" unachokisema, mara nyingi ni samaki aliyekwisha kuimeza na kuitema wakati mshipi wako umelala.

Chewa akishika, sekunde za kwanza ndizo zote. Anageuka na kurudi pangoni. Breki ya rili iwe imekazwa tayari, karibu theluthi moja ya nguvu ya mshipi, fimbo iwe chini, na uzungushe bila kusimama mpaka umtoe mita tano hivi juu ya mwamba. Usiinue fimbo juu kwa mbwembwe. Ukiishusha tena kuvuta pumzi, unampa nafasi ya kugeuka. Akishaingia pangoni usivute, maana anatanua mapezi na mashavu na kujibana. Legeza mshipi kabisa, subiri dakika kadhaa, kisha kaza ghafla. Wengine hutoka wenyewe wakidhani hatari imepita.

---

Dada_wa_Ukingo alijibu:

PimaThelathini amesema yote ya mkono, mimi niongeze la ndoana, kwa sababu hapo ndipo kukwama kwako kunaanzia hasa.

Toa ile ya meno matatu leo. Mwambani, ndoana ya mkiani ndiyo inayotangulia kufika chini, na yenye meno matatu inashika kila pembe. Weka ndoana moja moja zilizofungwa kwenye kamba fupi, juu ya jigi, upande wa mshipi. Mbili zinatosha. Jigi inagonga mwamba kwa mkia mtupu, ndoana ziko juu zinaelea. Utakwama bado, lakini mara chache sana.

Vipimo ninavyovifuata: ndoana ikining'inia isivuke nusu ya urefu wa jigi, na mwanya wake uwe mpana kuliko unene wa jigi, la sivyo itaikumbatia jigi yenyewe na ncha haitafika kwenye nyama. Kamba ikiwa ndefu mno, ndoana inajizungusha kwenye mshipi wakati wa kushuka na jigi inashuka imejikunja. Ncha naipima kwenye ukucha. Ikiteleza, nainoa au naibadilisha. Kugusana na mwamba mara chache kunatosha kuiua ncha.

Upangaji wa pete nao una maana kubwa. Mshipi wa mbele, ule unaofuata wa kusuka, ufungwe kwenye pete ngumu isiyofunguka. Kamba za ndoana zikae kwenye pete hiyo hiyo. Halafu pete ya kufunguka ibebe jigi peke yake. Hivyo samaki anavutwa moja kwa moja na mshipi, na jigi inacheza pembeni bila kumpa samaki uzito wa kuchomolea ndoana. Faida nyingine ni kubadilisha uzito bila kukata fundo, na maji yanayobadilika utaibadilisha mara nyingi.

Mshipi wa kusuka ukigusa mwamba ukiwa umekazwa umekwisha. Weka mita tatu hadi nne za florokaboni (uzi unaostahimili mkwaruzo) mbele, milimita 0.60 kwa chewa wa kawaida, na nene zaidi kama unajua mahali hapo wako wakubwa. Kila baada ya samaki pitisha vidole kwenye mita ya mwisho. Ukihisi mkwaruzo hata mdogo, kata ufunge upya.

Rangi naomba nisiseme sana. Mimi naamini umbo na mshuko, na rangi naichagua mwisho.

---

KasiNdogo alijibu:

Kuhusu changu nina neno. Hao kwenye mchanga pembeni ya ukingo mimi siwapati vizuri kwa jigi ya kupepea. Ninawapata kwa kabura: kichwa cha mviringo cha risasi au tungsteni, mshipi unapita katikati yake, nyuma yake mikia ya mpira na ndoana mbili ndogo kwenye kamba. Wajapani waliibuni kwa ajili ya madai, samaki wao mwekundu wa chini, na changu anaipenda kwa sababu zile zile.

Haihitaji kuchezeshwa. Inafika chini, unageuza rili mara moja bila kuchelewa, unapandisha kwa mwendo mmoja, polepole, usiobadilika, mizunguko 10 hadi 15, unashusha. Ugumu wake uko kwenye kuvumilia. Changu anakuja nyuma, anauma mikia mara tatu, mara nne, fimbo inatikisika, na mkono wako unataka kukaza. Usikaze. Endelea kuzungusha mwendo ule ule mpaka fimbo ipinde yenyewe. Ndoana ndogo zenye ncha kali zinajishika zenyewe pembeni mwa mdomo. Breki iwe laini kuliko ya chewa, maana ndoana hizo ni nyembamba.

Ukipata ya tungsteni, ichukue kwa siku za mkondo mkali. Tungsteni ina gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, risasi ina 11.3. Uzito ule ule, umbo dogo zaidi, unafika chini mapema na maji hayapati pa kushika.

Inchiku nayo ni ndugu yake: kipande cha risasi kinachoteleza, na chini yake kijipweza cha mpira chenye ndoana. Hiyo hata chewa anaichukua. Pale mwambani, usipokuwa na uhakika nani yuko chini, mimi huanza nayo.

---

Mshipi_Mnene alijibu:

Asanteni sana, wakuu. Nimetoa ndoana zote za meno matatu, nimenunua mshipi wa 0.26, na jana nilikuwa na jigi zisizolingana pande za gramu 120 na 150. Nimeelewa maana ya "kuhisi mara ya tatu". Nilihisi chini kila nilipotaka, na wale chewa wawili niliowapata wote walidaka jigi ikishuka, mshipi ukasimama kabla ya wakati, kama ulivyosema PimaThelathini.

Maswali mawili yamebaki. La rangi mmelikwepa. La pili, mmoja wa wale chewa alikuwa mdogo, nikataka kumrudisha. Alifika juu tumbo limevimba, na kitu kama puto kimetokeza mdomoni. Nikamwachia, akaelea ubavu, hakuweza kuzama. Nilisikitika. Mnafanyaje?

---

PimaThelathini alijibu:

Umeuliza la muhimu kuliko mengine yote, basi la rangi nilimalize haraka.

Maji yanameza nyekundu kwanza, ndani ya mita chache za mwanzo, kisha chungwa na njano. Kwenye mita 50 za maji safi kinachobaki ni bluu na kijani, na jigi nyekundu huko chini ni ya giza tu. Kwa hiyo nachagua kati ya inayong'aa, iliyo giza, na yenye mistari inayotoa mwanga. Jua likiwa kali na maji safi, fedha inanitosha. Asubuhi mapema, mawingu, maji yaliyochafuka au kina kirefu zaidi, naweka yenye mistari inayotoa mwanga. Hapa sikubaliani na Dada_wa_Ukingo: saa ya machweo, kwa kungu, ile mistari nimeiona ikileta tofauti, na jigi mbili za umbo moja zikining'inia pembeni ya boti moja. Mchana sioni tofauti.

Sasa huyo chewa. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Mita 50 chini, mgandamizo ni mara sita ya wa juu. Chewa ana kibofu cha hewa kisicho na njia ya kutoa hewa haraka, na unapompandisha hewa hiyo inatanuka, mwisho wake mara sita. Puto uliloliona mdomoni ni tumbo lake, limesukumwa nje na kibofu kilichovimba nyuma yake. Usilitoboe. Wengi hulitoboa wakidhani ndilo lenye hewa, na wanachotoboa ni tumbo la chakula.

Dawa yake ni kumrudisha chini. Chukua ndoana kubwa isiyo na kijino cha kuzuia kuchomoka, ifunge kwenye mshipi wa akiba kwa upande wa mpindo wake, ncha ikitazama chini. Upande wa jicho lake fungia uzito, gramu 500 au hata kilo kwa samaki mkubwa. Ipitishe kwenye ngozi nyembamba ya mdomo wa chini, au kwenye tundu lililoachwa na jigi, mshushe kichwa mbele bila kusimama. Akifika mita 20 tu, hewa iliyokuwa imetanuka mara sita imekwisha kupungua hadi mara mbili. Mimi namfikisha chini kabisa alikotoka. Hapo navuta mshipi mara moja kwa ghafla, ndoana inatoka na yeye anabaki. Vipo pia vibanio vinavyofunguka vyenyewe kwa mgandamizo wa kina ulichokipanga, na vinafanya kazi vizuri.

Fanya haraka. Kifaa kiwe kimefungwa tayari kabla hujashusha jigi ya kwanza, mikono iwe na maji, samaki asilazwe kwenye sakafu yenye jua. Usimpandishe taratibu ukidhani atazoea mgandamizo njiani. Kwa chewa inachukua saa nyingi, hizo dakika chache zinamchosha tu.

Nina sababu ya kusisitiza. Chewa wa aina nyingi huzaliwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wanapokua. Wadogo unaowatoa kwenye mwamba ni majike ambayo bado hayajapata nafasi ya kutaga, na wale wakubwa kabisa ndio madume wachache wa mahali hapo. Wanakua polepole na wanakaa mwamba mmoja muda mrefu, kwa hiyo mwamba ukivuliwa sana unachukua miaka kurudi. Mimi nikipata wawili wa kutosha kula, nahamia kwenye mchanga kwa changu na kabura, au nasogea mwamba mwingine. Na nikiona wanaopanda ni wadogo mfululizo, naondoka hapo hapo, hata kama wanadaka kila nikishusha.

---

Dada_wa_Ukingo alijibu:

La mistari ya mwanga saa ya machweo nitalijaribu, PimaThelathini.

Mshipi_Mnene, kwenye ndoana ya kumshushia samaki, usitumie mshipi wako wa 0.26. Tumia kamba nene kwenye ubao au kigurudumu chake chenyewe, iweke karibu na mkono, na uiwekee alama ya rangi kila mita 10. Ukiwa na samaki mkononi hutakuwa na muda wa kukisia umemfikisha wapi.